Umekula saa ngapi? Barua za waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Katika toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyetaka kujua tofauti kati ya puto linalowekwa tumboni, kama wanavyofanya katika Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, na upasuaji wenyewe ambao huku kwetu watu wameuzoea kwa jina la "kukata utumbo". Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Kumbe barua zilizofuata hazikutoka kwa wanaotaka kufanyiwa, bali kwa waliokwisha kufanyiwa, wengine India, wengine Uturuki, wengine Nairobi na Dar es Salaam, na karibu wote wanalalamikia jambo moja: uzito umepungua kweli, lakini mwili umeanza vituko ambavyo hakuna aliyewaonya. Nimechagua barua tano. Msomaji ataona kwamba kila mara naanza kwa kuuliza muda, yaani dalili imekuja dakika ngapi baada ya kula, au wiki ngapi, au miaka mingapi tangu siku ya upasuaji, kwa sababu katika madhara ya upasuaji huu saa hueleza mengi kuliko maumivu yenyewe.

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga na nina duka la vitenge. Miezi 14 iliyopita nilifanyiwa upasuaji India, ule wa kupunguza tumbo na kuruka sehemu ya utumbo, nami nimetoka kilo 128 hadi 81. Tangu mwanzo, nikinywa uji mtamu tu, moyo hunienda mbio, jasho hunitoka, tumbo hunguruma na hunibidi nijilaze. Hilo nimelizoea. Jipya ni kwamba kwa miezi miwili sasa nikinywa chai na maandazi mawili saa mbili asubuhi nafungua duka bila shida, lakini ikifika saa nne mikono inatetemeka na macho yanaingia giza, na siku moja nilimrudishia mteja chenji ya elfu hamsini badala ya elfu tano. Mama mkwe anasema nimepigwa jicho. Duka la dawa wamenipima presha, wakasema iko sawa. Huu ni ugonjwa mmoja au ni miwili? – M., Tanga*

Marahaba, mama. Chanzo ni kimoja, matokeo ni mawili, na wewe mwenyewe umeyatenganisha vizuri kwa saa.

Tumbo ulilotengenezewa siku ile lilikuwa na ujazo wa kama mililita 30, yaani kikombe cha kahawa chungu kile cha barazani. Tumbo la kawaida lina mlango upande wa chini unaoruhusu chakula kipite kidogo kidogo, lakini katika upasuaji wako mlango huo umerukwa, na unachokimeza kinaingia kwenye utumbo mwembamba karibu mara moja. Kikiwa cha majimaji na kitamu, utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua sukari ile. Presha inashuka kwa ghafla, moyo unakimbia ili kufidia, na utumbo uliojaa maji ndio unaousikia ukinguruma. Hayo hutokea ndani ya nusu saa hivi baada ya kula, na kujilaza kwa dakika 15 hadi 30, kama unavyofanya, ni sahihi.

La saa nne ni jingine. Sukari iliyoingia kwenye damu kwa kishindo imelifanya kongosho limwage insulini kupita kiasi, na kati ya saa 1 na saa 3 baadaye sukari inateremka chini ya kiwango. Ubongo, ambao hutegemea sukari kwa kazi yake ya kila dakika, ndio unaoumia kwanza, na ndiyo maana hesabu ya chenji ilikukimbia. Hali hii kwa kawaida haianzi miezi ya mwanzo; hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati ambapo mgonjwa amekwisha kujiona amepona na ameacha kwenda kliniki.

Presha waliyokupima duka la dawa haikuwa kosa, ila walipima kitu kisichohusika. Azima au nunua kipimo cha sukari cha kidole, na pale mikono inapoanza kutetemeka, kabla hujala chochote, jipime. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita (mmol/L) sukari imeshuka. Chini ya 3.0 usikae, mwone daktari wiki hiyo hiyo. Andika kwenye daftari saa uliyokula, ulichokula, saa ya dalili na namba uliyoiona, kwa wiki mbili. Wakitaka kukupa kile kipimo cha kunywa glukosi, waeleze kwanza upasuaji uliofanyiwa, kwa sababu kinywaji kile chenyewe kitakuangusha na majibu yake yatawapoteza. Na kama bado unatumia dawa za kisukari za zamani, jambo ambalo hukulisema, zipeleke zipitiwe upya haraka.

Sasa chakula. Maandazi na chai ya sukari ni unga mweupe na sukari vinavyoingia kwa pamoja, tena vikisukumwa na maji. Asubuhi anza na mayai mawili, au kipande cha samaki kilichobaki jana usiku, kisha muhogo au kiazi kidogo kama bado kuna nafasi. Chai isiyo na sukari ije nusu saa baadaye. Maji na chakula visikutane. Uji wa ulezi sikukatazi, ila uwe mzito, uwe na karanga na maziwa, usiwe na sukari, na bakuli liwe dogo. Gawa chakula cha siku mara tano au sita. Sukari ikikushuka, chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji kidogo, na ukipata nafuu tafuna karanga au kunywa maziwa. Wengi hukimbilia chupa nzima ya soda, wakapata nafuu kwa dakika kumi na kuanza mzunguko upya saa mbili baadaye. Soda ile ni maandazi mengine katika chupa. Katika siku za mashaka usiendeshe gari wala pikipiki.

Wengi hutengemaa kwa chakula peke yake. Wasiotengemaa hupewa dawa, na ya kwanza huwa akabosi, ambayo huchelewesha wanga kumeng'enywa na kuwa sukari. Mama mkwe usibishane naye, mama. Siku ukijipima, mwite aione namba.

*Assalaam aleikum, Daktari. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo wiki 7 zilizopita. Kwa wiki 3 sasa anatapika karibu kila anachokula, hata maji. Tangu juzi anaona kitu kimoja kama viwili, na akitembea anayumba kama mlevi, naye hajawahi kuonja pombe. Anasema ni udhaifu wa njaa tu, tungoje siku ya kliniki, ambayo ni wiki ijayo. Tungoje? – Mke, Mombasa*

Waaleikum salaam, dada. Barua hii haikungoja kuchapishwa: mhariri aliniletea mchana, nami nilizungumza na bibi huyu kwa simu jioni ile ile. Naiweka hapa kwa idhini yake, kwa kuwa jibu ni lile lile kwa yeyote atakayejikuta mahali pake, nalo ni kwamba msingoje hata kesho.

Mwili huweka akiba ndogo sana ya vitamini B1, inayotosha wiki mbili hadi tatu. Upasuaji huu wa kuondoa kama robo tatu ya tumbo haugusi utumbo, na kwa hiyo watu hudhani hauleti upungufu wa vitamini. Lakini mtu anayetapika wiki tatu mfululizo hapati kitu cha kufyonza. Akiba ikiisha, sehemu za ubongo zinazoongoza macho, mwendo na kumbukumbu huanza kuharibika. Macho kuona viwili viwili, miguu kuyumba, akili kuchanganyikiwa: hazingojwi zote tatu, moja inatosha. Mgonjwa akicheleweshwa, kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja.

Anahitaji B1 ya kuingizwa kwenye mshipa kwa kiwango kikubwa, kwani kidonge kwa mtu anayetapika ni kazi bure. Na hapa nilimwomba dada huyu awe jasiri hata mbele ya wauguzi. Mgonjwa aliyelegea kwa kutapika hutundikiwa mara moja dripu ya glukosi. Mwili huitumia B1 katika kuichoma glukosi, na dripu hiyo ikitangulia bila B1 inamalizia akiba kidogo iliyobaki. Nilimwambia aseme hivi: "Amepunguzwa tumbo, ametapika wiki tatu, tafadhali B1 itangulie glukosi." Hakuna muuguzi wa maana atakayekasirishwa na sentensi hiyo.

Baada ya hapo ndipo hutafutwa sababu ya kutapika, ambayo katika wiki kama hizi mara nyingi huwa njia iliyokaza au kujikunja. Huonekana kwa endoskopia, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na aghalabu hupanuliwa kwa puto dogo bila kukatwa tena. Bwana huyu alilazwa usiku ule. Nilivyoambiwa, macho yalianza kutengemaa ndani ya siku chache, na mwendo ndio unaochukua muda.

*Daktari, mimi ni mzaliwa wa Unguja, nina miaka 52, naishi Maskati. Nilifanyiwa upasuaji wa kuruka utumbo miaka 4 iliyopita na nashukuru sana. Magoti yananisumbua, kwa hiyo nanunua diklofenaki duka la dawa. Mwezi huu nina maumivu chini ya chembe ya moyo, na choo kimekuwa cheusi. Nilidhani ni vidonge vya madini ya chuma ninavyotumia. Nimeacha vidonge vya maumivu, sasa nachomwa sindano ili tumbo lisiguswe. Na Ramadhani inakaribia, nifunge? – S., Maskati*

Ndugu S., nitaanza na sindano, maana hapo ndipo penye kosa ambalo hata baadhi ya wanaochoma sindano hawalijui. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yao hawaumizi tumbo kwa kuligusa tu. Wakishaingia kwenye damu, kwa njia yoyote ile, hupunguza kemikali zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo na utumbo. Ukiimeza, ukichomwa, ukiiweka kwa njia ya haja kubwa, inafika pale pale. Kwako "pale" ni kiungio, mahali ambapo kijitumbo kimeshonewa utumbo. Kipande hicho cha utumbo hakikuumbwa kukutana na asidi, na kikikosa ulinzi hutoboka kidonda. Aliyefanyiwa upasuaji wako hana ruhusa ya dawa hizo maisha yake yote, isipokuwa daktari anayemjua awe na sababu nzito na amkinge. Parasetamoli inaruhusiwa. Sigara na shisha hufanya madhara yale yale, nazo hukuzitaja, kwa hiyo nazitaja mimi.

Kuhusu choo, kweli madini ya chuma hukifanya cheusi, tena wakati mwingine cheusi chenye ukijani, lakini hubaki na umbo na harufu yake ya kawaida. Cha damu huwa kama lami: kinanata, kinang'aa, na harufu yake ni mbaya kiasi kwamba mwenyewe hushtuka. Kama chako ni cha lami, au ukisimama unaona kizunguzungu, nenda hospitali leo. Kama sivyo, bado unahitaji endoskopia wiki hii, kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, ambayo kwa kidonda cha kiungio hutumika miezi kadhaa, wala si siku 14 ulizozizoea.

Ramadhani ijayo, ukiwa na kidonda kibichi, mimi kama tabibu nasema hapana. Na sidhani nafundisha jipya nikikumbusha kwamba aya ya 184 ya Al-Baqara imempa mgonjwa nafasi ya kulipa siku nyingine. Kidonda kikipona na daktari wako akaridhika, wengi waliopitisha miaka kama yako tangu upasuaji hufunga bila tatizo. Ugumu wao uko magharibi. Meza ya futari ya kwetu, yaani tende tatu, juisi ya embe, uji wa pilipili manga uliotiwa sukari, tambi na kaimati, ni namna ya hakika kabisa ya kumwangusha mtu aliyerukwa utumbo kabla hajasimama kuswali. Fungua kwa tende moja na funda la maji, swali, kisha anza na samaki au supu ya nyama. Maji unayoyahitaji, lita moja na nusu au zaidi, huwezi kuyanywa kwa mkupuo. Yagawe kwa mafunda hadi daku, na chupa iwe nawe hata tarawehe.

*Daktari, nina miaka 29, niko Nairobi. Miezi 5 baada ya upasuaji wa kuruka utumbo nywele zinatoka kwa mafungu kwenye chanuo. Pia tunatamani mtoto, na hedhi iliyokuwa imepotea imerudi. Je, tuanze kujaribu? – W.*

Nywele kwanza: kudondoka kati ya mwezi wa 3 na wa 6 tangu upasuaji ni mshtuko wa mwili kupungua kwa kasi, mizizi iko hai, nazo huota tena katika miezi inayofuata. Hifadhi pesa za mafuta ya kukuza nywele ununue samaki na mayai. Unahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, na kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20, kwa hiyo hesabu yenyewe itakuonyesha kwamba chai na mkate havikufikishi. Kama nywele zitaendelea kudondoka baada ya mwaka, wapime madini ya chuma na zinki.

Mtoto, subirini hadi mwezi wa 12, ikiwezekana wa 18. Kurudi kwa hedhi ni habari njema na ni hatari pia, kwani unaweza kushika mimba katika miezi ambayo mwili wako hauna cha kumgawia mtoto. Vidonge vya majira usivitegemee, maana baada ya upasuaji wako huenda visifyonzwe vya kutosha. Kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi. Wakati huo jaza akiba: B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, kila siku, na kipimo cha damu kila mwaka hata usiposikia chochote. Madini ya chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane saa 2, na chuma kisimezwe na chai. Utakapokuwa mjamzito, ile glukosi ya kunywa ya kupima kisukari cha mimba ikatae na uombe kujipima kwa kidole kwa wiki moja badala yake. Na maumivu makali ya tumbo katika mimba yako yasiitwe ya kawaida na mtu yeyote. Sababu yake ninaieleza katika barua inayofuata.

*Mimi ni tabibu wa kituo cha afya mkoani Mbeya. Nina mgonjwa, mwanamke wa miaka 34, ambaye mara tatu katika miezi miwili amekuja na maumivu ya tumbo yanayobana baada ya kula, kisha yanapoa yenyewe. Ametibiwa taifodi na vidonda vya tumbo. Eksirei haikuonyesha kitu. Juzi tu ndipo aliposema kwamba miaka 3 iliyopita "alikatwa utumbo" nje ya nchi. Ni aina gani hajui, karatasi ziko nyumbani kwao Dar es Salaam. Nianzie wapi? – Tabibu, Mbeya*

Ndugu yangu, umeshaanzia pazuri kwa kuandika. Maumivu yanayokuja na kuondoka, miaka mitatu baadaye, kwa mtu aliyepungua sana, yananifanya nifikirie kitu kimoja kabla ya vingine vyote: ngiri ya ndani. Utumbo ukihamishwa na kushonewa mahali papya, mianya hubaki katikati ya kunjo zake. Hata ikizibwa siku ya upasuaji, mafuta yaliyokuwa yakiijaza huyeyuka mgonjwa anapopungua, na mianya inafunguka. Utumbo unapenya, unabanwa, unachomoka, na mgonjwa anakuambia amepona. Siku usipochomoka, damu inakatika, na kipande kirefu cha utumbo kinaweza kufa ndani ya saa chache. Mimba, kwa kusukuma utumbo juu, huongeza uwezekano huo.

Tumbo lake linaweza kuwa laini chini ya mkono wako, damu na eksirei vikawa safi, naye akawa anapiga kelele. Ukiona maumivu makubwa kuliko unachokipapasa, mpe rufaa kwenda kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji na kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei na kompyuta, na katika barua ya rufaa andika wazi "nashuku ngiri ya ndani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito", kwani huko nako wanaweza kumrudisha kwa taifodi. CT ikiwa safi na maumivu yakiendelea, uamuzi sahihi mara nyingi ni kuchungulia ndani kwa matundu madogo. Wakati huo huo omba ultrasaundi ya kifuko cha nyongo: kupungua haraka hutengeneza vijiwe, na maumivu yake hukaa kulia chini ya mbavu na kupanda hadi bega.

Kwa kuwa wengine nao watakuja kituoni kwako wakiwa wametoka kwenye ndege, ujue pia saa ya mapema. Katika wiki mbili za mwanzo mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika ni mshono unaovuja hadi ithibitike vinginevyo, hata kama hana homa na tumbo haliumi sana. Akikosa pumzi, au mguu mmoja ukivimba, fikiria damu iliyoganda. Mpira wa kupitisha puani hadi tumboni usiuingize kwa kubahatisha, kwa sababu kijitumbo ni kidogo na mshono ni mchanga.

Huyu dada wa Mbeya apige simu nyumbani leo, karatasi zipigwe picha na kutumwa kwenye simu yake. Zikipatikana, mwandikie kipande kimoja cha karatasi chenye jina la upasuaji, tarehe, mji, simu ya hospitali iliyomfanyia, dawa anazomeza, na mistari miwili kwa herufi kubwa: ASIPEWE DIKLOFENAKI WALA IBUPROFENI. AKIWA ANATAPIKA, B1 KABLA YA GLUKOSI. Kikae kwenye pochi yake pamoja na kadi ya bima.